Simu za Asubuhi za Dagny

Dagny Brogaard alizaliwa zizini, au hatua chache kutoka zizini, na hilo alipenda kulisema mwenyewe kabla mtu mwingine hajalisema. Mama yake alishikwa na uchungu akikamua, akamaliza kumkamua ng'ombe aliyekuwa naye, ndipo akaingia ndani kujifungua. Ndivyo walivyoishi huko kaskazini mwa Jutland, kando ya mkono wa bahari uitwao Limfjord, ambako upepo hauachi mti hata mmoja usimame wima. Ng'ombe hawajui Krismasi wala homa. Baba yake aliwahi kukamua akiwa na homa ya mapafu, akajisifia jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Basi Dagny alikua akiamini kwamba kuugua si kosa, mradi mtu afanye hivyo siku yake ya mapumziko.

Mwanamke wa namna hiyo akiwa nesi hufika mbali, naye alifika. Alikuwa mkuu wa wodi katika hospitali ya mji mdogo, ng'ambo ya maji kutoka shamba la baba yake, wodi ya wazee wengi na vikohozi vingi. Mwili wake ulikuwa mkubwa, sauti yake ni ile ile ya kuitia ng'ombe, na tangu aajiriwe hajawahi kukosa kufika kazini hata siku moja. Hilo nalo alipenda kulisema.

Taabu ni kwamba wenzake walikosa. Wodi ya Dagny iliongoza hospitali nzima kwa watu kutofika kazini. Asubuhi na mapema, kabla zamu haijaanza, simu ya mezani ilianza kulia: huyu mgongo, yule tumbo, mwingine hakulala. Dagny alisikiliza, kisha akavuta pumzi ndefu na kuishusha taratibu kwenye sikio la aliyepiga. Pumzi hiyo ilikuwa maarufu. Jytte, nesi mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, aliweza kuiigiza kwenye chumba cha kahawa mpaka watu wakamwaga vikombe.

"Haaaah," Jytte alikuwa akisema, ameshika ndizi kama mkono wa simu. "Sawa, mpenzi. Ugua pole. Tutajibana hivyo hivyo, wawili kwa wagonjwa ishirini. Usijali hata kidogo."

Watu walicheka, lakini pumzi hiyo ilikuwa ikiwachoma. Wapo waliokuja kazini na homa zao ili wasiisikie, wakawaambukiza wengine. Wapo pia walioisikia mara moja, wakaona aibu, wakakaa nyumbani wiki nzima badala ya siku mbili kwa sababu hawakujua warudi na uso gani. Dagny hakuyajua hayo. Yeye aliamini kabisa kwamba anawaonea huruma.

Akishaweka simu chini, ndipo ilipoanza kazi aliyoipenda: kutafuta mtu wa kuziba pengo. Hapo hakuwa na mpinzani. Kahawa ikiwa bado inachuruzika, zamu imeshajaa, na wakuu wa wodi nyingine walikuwa wakimuuliza anawatoa wapi watu. Naye hutabasamu tu. Hapakuwa na uchawi wowote. Alikuwa anampigia Solvej.

Solvej Thorsager alikaa mtaa wa pili kutoka hospitali, akimlea binti yake peke yake. Alikuwa na mkono mwepesi: mishipa ya wazee ambayo wengine waliichoma mara nne, yeye aliipata mara moja, huku akipiga soga na mgonjwa kuhusu bei ya viazi. Na neno hapana lilimshinda kabisa kulitamka. "Wewe ndiye mwokozi wangu," Dagny alimwambia kila mara, akakata simu na kujimiminia kahawa.

Siku moja ya Oktoba Solvej alifika kazini kwa baiskeli, akaifunga mahali pake, kisha akashindwa kuingia mlangoni. Hakuanguka wala hakulia. Alisimama tu, kofia ya baiskeli kichwani, mvua ikimnyeshea, mpaka dereva wa ambulensi akamshika mkono na kumrudisha kwake. Daktari akasema ni kuzidiwa na kazi, akampa likizo ya ugonjwa.

Wodi ilimkosa vibaya. Kwa hiyo alipotuma ujumbe mwishoni mwa Novemba kwamba atajaribu kurudi, Dagny alifanya tulichozoea kufanya sisi watu wa nchi hii tunapompenda mtu. Alitoa bendera za taifa. Unazijua zile ndogo za karatasi, nyekundu zenye msalaba mweupe, tunazozichomeka kwenye keki ya mtoto na kuzitundika kwenye mti wa Krismasi? Alizipanga kushoto na kulia tangu kwenye lifti mpaka chumba cha kahawa. Akanunua mikate ya moto, siagi na jibini. Watu wakasimama mistari miwili wakaimba, wakapiga shangwe za hurra, tatu fupi na ile moja ndefu.

Lifti ikafunguka. Solvej akatoka, akatazama bendera, akatabasamu vizuri sana. Kisha akageuka, akarudi ndani ya lifti, akabonyeza kitufe. Hakuonekana tena wodini.

Dagny aliumia. Alizikusanya bendera mwenyewe, moja moja, na siku nzima hakuinua sauti. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe kwamba watu wa siku hizi ukiwapenda ni kosa, usipowapenda ni kosa.

Januari ndipo Jytte alipokuja na habari. Alikuwa akimtembeza mbwa wake kando ya maji siku ya Jumamosi, upepo unakata masikio, akaona watu wa chama cha kuogelea majira ya baridi wakitoka mbio kwenye kijumba chao cha joto na kujitosa majini. Mmoja wao alikuwa Solvej.

"Anacheka!" Jytte alisema kwenye chumba cha kahawa, akigonga meza. "Anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Mimi nimefanya zamu zake tatu, magoti yananiuma kama ya bibi, na mgonjwa wetu yuko baharini anacheka. Huo ni ugonjwa gani, jamani? Niambieni, na mimi niuugue."

Wote walikuwa wamechoka na wote walikuwa wakifikiri vivyo hivyo. Dagny pia, na pengine kuliko wote. Alikumbuka bendera zake.

Habari za namna hiyo hazikai ghorofa moja. Zilimfikia Torsten, naibu mkurugenzi, mtu mpole mwenye suti nyembamba, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwogopa.

"Dagny, kaa," Torsten alisema. "Nadhani tumemvumilia vya kutosha. Mwite kwenye kikao kimoja cha mwisho. Akikupa siku ya kurudi, vizuri. Asipokupa, tuachane naye kwa heshima, tuajiri mwingine. Nataka jibu Jumatatu."

"Na nikikwambia ndiye nesi bora niliye naye?"

"Kwa sasa hunaye," Torsten alisema kwa upole.

Dagny alipiga hesabu. Kumpoteza Solvej si kumpoteza mtu tu. Mahali pake pangetangazwa mwaka mzima bila mwombaji, maana manesi siku hizi wanaofuata mji mkubwa ni wengi kuliko wanaotoka huko. Lakini pia alikuwa na hasira naye. Akaamua kuvunja sheria kubwa ya kwetu, ambayo haijaandikwa popote: akaenda kumwona mtu bila kupanga naye kwanza. Na hakwenda nyumbani kwake. Jumamosi asubuhi alivaa koti lake zito, akashika njia ya majini.

Mlangoni pa kile kijumba alikaa bibi mmoja mkavu, amejifunga taulo.

"Namtafuta Solvej," Dagny alisema.

"Yumo ndani kwenye joto. Vua nguo."

"Nataka kuzungumza naye tu."

"Wanaozungumza tu pia wanavua. Humu nguo haziingii, mama, hata za mfalme."

Dagny alifikiria kurudi. Kisha akafikiria Jumatatu, na suti ya Torsten, akapiga moyo konde na kuvua. Upande wa wanawake ulikuwa na benchi tatu za mbao na jiko linalounguruma, na Solvej alikuwa ameketi juu kabisa, mwekundu usoni, nywele zinadondosha maji. Alipomwona mkuu wake wa wodi akiingia kinyumenyume, mikono hajui aiweke wapi, alishika mdomo.

"Dagny? Umekuja kunifukuza kazi ukiwa uchi?"

"Sijaja kukufukuza. Bado."

"Humu hatuzungumzi kazi. Ni sheria ya chama."

"Basi tuzungumzie nje."

"Nje ni majini," Solvej alisema, akashuka benchini.

Dagny alikuwa ameishi karibu na maji yale maisha yake yote, akila samaki wake, na kamwe hakuwa ameyaingia baada ya Agosti. Alishuka ngazi. Maji yalipomfika kiunoni, akatoa sauti ambayo, inasemekana, ilisikika mpaka ng'ambo, na pengine ng'ombe wa huko waliinua vichwa. Solvej alicheka kile kicheko alichokieleza Jytte, cha meno ya nyuma, na Dagny, anatetemeka, akajikuta anacheka pia. Hasira yake ilimtoka humo humo majini, na hakujua imekwenda wapi.

Baadaye walikaa kwenye ukingo wa gati, wamejifunika mataulo, miguu myekundu kama ya kamba wa kuchemshwa.

"Wanasema unakuja huku kustarehe," Dagny alisema. Hakuwahi kujua kuzunguka mbuyu. "Jytte alikuona."

"Nastarehe kweli. Unajua kwa nini? Nikiwa majini sina mfuko."

"Mfuko gani?"

"Wa simu."

Dagny akakaza taulo lake mabegani.

"Hapa ndipo mahali pekee hunifikii," Solvej aliendelea, bila ukali. "Wagonjwa sikuwachoka. Kazi siichukii. Lakini simu ikilia, hata ya jirani, nyuma ya ukuta, naanza kutafuta sare yangu. Kila mara mtu wa wodini akiumwa, nilikuwa naumwa mimi kwanza, kwa sababu nilijua simu inayofuata ni yangu."

"Ungeweza kutopokea."

"Ningeweza. Na wewe ungeweza kutopiga."

Upepo ulikuwa ukivuma, na hakuna aliyeinuka.

"Siku ya kipaimara ya binti yangu," Solvej alisema. "Mwezi wa tano, Jumapili. Wageni wameshaketi, mjomba wake amesimama na hotuba yake mkononi, supu iko mezani. Ukapiga. Nikakwambia, Dagny, leo nina wageni. Ukasema ni saa chache tu, wewe ndiye mwokozi wangu. Nikavua gauni, nikavaa sare, nikaenda. Hotuba niliisimuliwa."

Dagny aliikumbuka Jumapili hiyo. Manesi wawili walikuwa wameumwa kwa mpigo, naye alijaza zamu kwa simu moja tu, akafurahi mno hata akajinunulia andazi la mdalasini la kujipongeza. Alikumbuka utamu wa andazi hilo. Wageni hakuwakumbuka, lile neno lilipita sikioni kama halikusemwa. Aibu ilimpanda tangu miguuni, na haikuwa baridi, ilikuwa aibu tupu.

"Na zile bendera?" aliuliza.

"Zilikuwa nzuri. Lakini nilipoziona nikajua kila moja itadai zamu."

Kuomba radhi ni kitu ambacho shambani kwao hakikufundishwa. Dagny alijaribu hata hivyo.

"Nimekuwa mpumbavu."

"Kidogo."

"Sana."

"Haya, sana," Solvej alikubali.

"Ukirudi," Dagny alisema, "siku yako ya mapumziko sitakupigia. Si wewe tu, sitampigia mtu yeyote. Hata wodi ikiungua."

"Ikiungua nipigie," Solvej alisema, na wakacheka tena, meno yanagongana.

Jumatatu Dagny hakungoja kuambiwa akae. Alimwambia Torsten kwamba Solvej atarudi Februari, kama walivyokubaliana gatini, siku tatu kwa wiki kwanza, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeitwa kazini akiwa mapumzikoni. Watu wakipungua, vitanda vitapungua.

"Huwezi kufunga vitanda kwa sababu ya mafua ya watu," Torsten alisema.

"Nilikuwa navifungua kwa kumfunga Solvej. Hesabu yako ilikuwa nzuri kwa sababu mtu mmoja alikuwa anailipa. Sasa amekwisha, Torsten. Ukimfukuza, nitampata mwingine asiyejua kukataa, naye nitammaliza vile vile. Mimi ni hodari sana kwa hilo."

"Na nikikataa?"

"Nifukuze mimi. Lakini kwanza utafute atakayepokea simu zangu za asubuhi."

Torsten akasema wajaribu mpaka majira ya joto. Dagny akatoka akitembea kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri.

Kwenye chumba cha kahawa ilikuwa vigumu zaidi. Aliwaambia alikokwenda na kwamba alivua nguo zote.

"Uchi?" Jytte alisema. "Wewe?"

"Uchi. Na kama kuna aliyeniona, aseme sasa, asingoje nitoke. Solvej anaumwa, na aliyemuumiza ni mimi na simu hii. Anayetaka kunung'unika aninung'unikie mimi. Halafu kuna jambo jingine. Kuanzia kesho, mtu akiumwa, apige, aseme naumwa, akate. Sitaki kujua ni mgongo au tumbo."

"Na ile pumzi yako?"

"Pumzi gani?"

Kisha Jytte akachukua ndizi, akaiweka sikioni, akaishusha ile pumzi yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Dagny alisikiliza mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza alijisikia jinsi alivyosikika, akawa mwekundu mpaka shingoni. Ni Jytte huyo huyo aliyempa dawa: awe na pipi nyeusi ya chumvi mdomoni kila anapopokea simu, maana mtu anayefyonza pipi hawezi kushusha pumzi vizuri. Ilisaidia. Asubuhi alisikika kama mwenye jino bovu, lakini watu walikata simu wakiwa na amani.

Haikuwa rahisi, na anayesema ilikuwa rahisi hakuwapo. Katika mwezi wa mwanzo idadi ya wasiofika kazini haikushuka, ilipanda, maana wale waliokuwa wakija na homa zao sasa walibaki vitandani. Torsten alileta karatasi yake na kuiweka mezani bila neno. Solvej alikuwa amerudi, bila bendera na bila wimbo. Jytte alimsogezea kiti tu, akamwambia kahawa ni mbaya kama kawaida.

Kisha likaja wimbi la mafua, na Jumatano moja watatu hawakufika. Torsten alipanda mwenyewe wodini. Mzee mmoja wa kifua alikuwa akisubiri kitanda, na mkewe amesimama kando yake na koti lake mkononi.

"Mpigie Solvej," Torsten alinong'ona. "Anakaa hapo nyuma. Ni saa chache tu."

"Leo ni siku yake ya mapumziko."

"Dagny, mtazame mzee huyu."

Dagny alimtazama. Kidole chake kilikuwa kimeshaigusa simu, kwa mazoea tu, na moyo ulimuuma, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kuziba mapengo na hakujua kuwa mtu mwingine yeyote. Lakini angepiga, Solvej angepokea. Hilo ndilo lililomtisha. Aliondoa mkono, akapigia hospitali ya ng'ambo ya maji, akapata kitanda huko, akamfunika mzee shuka la pili kwa mikono yake. Mkewe alimwambia yote aliyokuwa nayo rohoni: kwamba hospitali hii ni aibu, kwamba yeye haendeshi gari, kwamba atamwonaje mumewe jioni. Dagny hakujitetea. Alimtafutia gari la kwenda na kurudi, akamsikiliza mpaka akaishiwa, kwa sababu mama wa watu alikuwa na haki. Torsten alishuka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye, mapema asubuhi, simu ya mezani ililia. Jytte alikuwa akivaa viatu vyake vya kazi. Dagny akapokea, na upande wa pili kulikuwa na sauti ya kukwaruza ambayo hakuitambua mara moja.

"Ni Solvej. Naumwa. Siji leo."

Dagny alingoja. Alingoja ile samahani, ile huenda jioni nikajaribu, ile mwambie Jytte nitamlipa. Hakuna kilichokuja. Kulikuwa na chafya moja, kubwa, isiyo na aibu.

"Ugua pole, Solvej," alisema.

"Asante. Kwaheri." Akakata.

Dagny alibaki ameshika mkono wa simu, na machozi yakamjaa machoni, yeye ambaye hakulia hata alipomzika baba yake.

"Nani huyo?" Jytte aliuliza.

"Solvej. Ana mafua. Haji."

"Mungu wangu, leo tuko wachache tena. Sasa mbona unafurahi hivyo?"

"Miaka yote hiyo, Jytte, nimempigia mimi," Dagny alisema. "Leo kapiga yeye."